Mzigo Usiitangulie Baiskeli

Maswali ya wasomaji kuhusu baiskeli yanajibiwa na fundi wa Uyole, Mbeya

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Ipogolo, Iringa. Mwaka jana nilinunua baiskeli ya mtumba Dar es Salaam. Ni ya gia, fremu ya alumini, tairi inchi 29, ina shokapu mbele tu, nyuma hamna. Breki ni za diski zinazovutwa kwa waya. Gia mbele tatu, nyuma tisa. Likizo ya Juni mimi na mwenzangu tunataka kutoka Njombe kwenda Makete, tupite Kitulo, tushuke kutoka Matamba hadi Chimala, tumalizie Mbeya. Tutalala kwenye hema. Shida ni mzigo. Fremu haina matundu ya kufungia keria, na fundi mmoja wa mtaani amesema atanichomelea vishikio viwili nyuma kwa bei ya maelewano. Wengine wananishauri nibebe kila kitu mgongoni. Nifanyeje? Ujue pia kwamba mimi ni mfupi, sentimita 158 tu.
— Mwalimu, Iringa

JIBU: Marahaba mwalimu, na kamwene. Naanza na huyo fundi wa kuchomelea. Mshukuru, mnunulie soda, ila baiskeli usimpe. Mashine yake ni ya mageti na madirisha, na vijiti vyake ni vya chuma, havishikani na alumini. Tuseme hata apatikane mwenye mtambo wa argoni anayeijua kazi. Fremu nyingi za alumini zikishaungwa kiwandani huingizwa kwenye tanuri, na ugumu wake zinaupata humo. Ukipitisha moto upya sehemu moja, panakuwa laini kuliko kwingine, na pakikatika panakatika siku yenye mzigo. Nimeletewa fremu tatu za namna hiyo hapa kibandani. Zote wenyewe walienda kuziuza kwa kilo.

Mgongoni nako weka koti la mvua na mkate, basi. Kilo nane mgongoni, ikifika saa sita mchana makalio yatakuwa yanazungumza lugha nyingine, maana uzito wote huo unapita kwako ndipo ufike kwenye siti. Tena mlimani, ukisimama kwenye pedeli, begi linakuvuta huku na huku.

Mimi kazi hii niliianzia kwenye ndizi. Tulikuwa tunazitoa upande wa Isongole tunazileta hapa Uyole, mikungu minne keria moja, na mzee aliyenifundisha kufunga alikuwa na kipimo kimoja tu. Ukimaliza kufunga, anakuja, anashika mkungu wa juu na kuutikisa kama anayemwamsha mlevi. Baiskeli nzima ikitikisika pamoja na mkungu, anakwambia nenda. Mkungu ukitangulia kutikisika kabla ya baiskeli, anafungua kamba zote na unaanza upya, hata kama jua limeshachomoza. Nilimchukia sana. Leo kila anayeniletea baiskeli ya safari namfanyia vilevile.

Sasa yako. Uzuri wa baiskeli ya shokapu mbele tu ni kwamba ile pembetatu ya fremu iko wazi, haina springi katikati. Hapo ndipo penye thamani kuliko pote, pako chini na pako katikati ya magurudumu. Kila kizito kiende hapo: spana, tyubu za akiba, pampu, betri ya simu, unga na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, na huko juu utataka kuwa na tatu.

Mabegi ya pembetatu yanauzwa mitandaoni kwa bei ya mbuzi wawili. Usiyanunue. Chukua boksi la maziwa au la sabuni, liweke ubavuni mwa fremu, chora kwa ndani ukifuata mabomba, kisha kata ukipunguza upana wa kidole pande zote. Lirudishe kwenye fremu, zungusha pedeli, cheki kama kuna linapogusa. Hilo boksi mpelekee fundi wa maturubai, yule anayeshona ya malori. Hapa kwetu Mwanjelwa wapo, na Iringa mjini hukosi. Mwambie mambo mawili. Upana usizidi sentimita 6, kwa sababu begi likinenepa magoti yatalisugua siku nzima, na kwa mtu mfupi kama wewe magoti yako karibu zaidi. La pili, asiweke zipu ndefu upande mmoja tu na kukuachia hapo. Zipu hufa kwa kujazwa kupita kiasi; aongeze kifuniko na mikanda miwili ya kubana, ili zipu ikifa usiku Kitulo begi liendelee kufungika. Mikanda ya kushikia begi izunguke bomba la juu, la chini na la siti, na kila mahali mkanda unapogusa rangi weka kipande cha tyubu chakavu. Vumbi likiingia chini ya mkanda linafanya kazi ya msasa. Nimeona bomba la alumini limelika hadi unahisi bonde kwa ukucha.

Nyuma ndipo kimo chako kinapoingia. Watu wengi huning'iniza begi refu chini ya siti, limechongoka kama mkia wa jogoo. Kwa mtu mrefu ni sawa. Wewe pandisha siti kwenye kimo chako, kisha pima kwa shubiri kutoka chini ya siti hadi juu ya tairi. Ukipata shubiri moja tu, achana nalo, litalala juu ya tairi kwenye shimo la kwanza. Kwako bora keria, na inawezekana bila kuchomelea chochote. Kuna keria ambazo miguu yake ya chini inabanwa na ekseli ya gurudumu la nyuma, ile ya kufungua kwa mkono, na huja na ekseli yake ndefu kidogo. Juu inashikwa na kola ya siti yenye matundu mawili. Unavua kola ya zamani, unavalisha hiyo. Wakati wa kufunga angalia upande wa breki: ule mdomo unaobana diski mara nyingi unagongana na mguu wa keria, kwa hiyo utahitaji washa nene au kipande cha bomba cha kuusogeza nje. Nati ziwe zile zenye nailoni ndani. Za kawaida hulegea kwenye njia yenye makorongo, na hutasikia.

Keria huwa imeandikwa uzito inaobeba. Wewe usivuke kilo 8, hata kama imeandikwa 25. Nguo, chakula kikavu, sufuria. Gurudumu la nyuma tayari linabeba sehemu kubwa ya mwili wako, na spoku zinazokatika safarini karibu zote ni za nyuma, upande wa cheni. Kabla ya kuondoka zipige kwa kidole kama unayepiga zeze. Za upande mmoja zitoe sauti inayofanana. Usilinganishe kulia na kushoto, maana za kulia zimekazwa zaidi kwa makusudi. Yenye sauti ya bati ndiyo inayolegea, mpelekee fundi aikaze.

Mbele nitakaa kidogo, kwa sababu mbele ndipo nilipolipia ada.

Miaka ile nilikuwa najua kila kitu. Nilikunja blanketi na hema, nikafunga kwenye usukani, nikautikisa vizuri kama nilivyofundishwa. Haukucheza hata kidogo. Nikapanda gari hadi Matamba, nikaanza kushuka zile kona 57 za kwenda Chimala. Kama kwenye kona ya kumi hivi nikabana breki ya mbele kwa nguvu, shokapu ikazama, usukani ukashuka na mzigo wake, tairi likaling'ata blanketi. Gurudumu likasimama, mimi nikaendelea. Nilitua kwa kifua na kidole gumba, na kidole hicho hadi leo hakifungi nati ndogo baridi ikianza. Nilipoinuka nikakuta blanketi lina tundu la ukubwa wa kiganja, kingo zake zimeng'aa kama zimepigwa pasi, linanuka mpira wa kuungua. Nilikuwa nimefunga kwa kipimo cha ndizi, lakini keria ya ndizi haina shokapu.

Kwa hiyo pima hivi. Funga mzigo wa mbele kama utakavyosafiri nao, kisha chukua rula upime kutoka juu ya tairi hadi chini ya mzigo. Shokapu nyingi za baiskeli kama yako zinazama milimita 100. Basi nafasi iwe milimita 140 au zaidi. Ikipungua, usibahatishe. Kunja mzigo uwe mwembamba na mrefu, au uupandishe ukae juu ya usukani. Uzito kilo 3, usizidi: mfuko wa kulalia na kitambaa cha hema. Vyuma vya hema vitoe, vifunge kwenye bomba la juu au keria, na vigingi avibebe mwenzako. Kati ya mzigo na usukani weka vipande viwili vya kandambili chakavu, kila upande kimoja, ili waya za breki na gia zipite bila kukunjwa. Zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, na ubane breki kila upande. Waya ukivutika, breki zako ni za waya, zitabana zenyewe kwenye kona. Hilo hulitaki Chimala.

Wapo wanaofunga chupa kwenye miguu ya shokapu kwa zile klipu za bomba la rejeta. Mimi nakataa. Ile miguu ya chini ni myembamba kuliko inavyoonekana, na klipu ikiteleza inakutana na diski. Kutoboa ndiyo hata usinitajie.

Shokapu yenyewe: fungua kifuniko cha juu mguu wa kushoto. Ukikuta valvu kama ya tairi la gari, inatumia hewa. Ukikuta kitasa cha kuzungusha tu, ni springi. Ya hewa ongezewa kidogo kwa ajili ya mzigo. Funga kijikamba cha plastiki kwenye mguu unaong'aa, ukishushe hadi chini, panda baiskeli na mzigo wote, kaa taratibu, shuka. Kijikamba kiwe kimesogea milimita 20 hivi. Kikisogea 35, shokapu ni laini mno na itazama kwenye kila breki. Ila hewa hiyo inataka pampu yake maalumu yenye geji. Usiende kituo cha mafuta. Chumba cha hewa ndani ni kidogo kama kikombe cha kahawa, na ile mashine ya kituoni itapasua sili kabla hujasema asante.

Gia usiguse. Vijana watakwambia mtindo wa sasa ni gia moja mbele, uzitoe hizo tatu. Hesabu: gia yako ndogo ya mbele huenda ni meno 22, kubwa ya nyuma 34. Kila ukikanyaga mzunguko mmoja unasogea kama mita moja na nusu. Hiyo ni gia ya kupanda ukuta. Njombe hadi Makete lami ipo, lakini lami haijawahi kushusha mlima.

Breki ndizo za kutumia pesa. Toa pedi uziangalie. Zikibaki unene chini ya milimita 1 juu ya bati lake, badilisha, na ubebe jozi moja ya akiba na waya mmoja. Ukishuka Matamba usiburuze breki mfululizo. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena. Kila baada ya kona kadhaa simameni mpige picha, mshangae bonde la Usangu kule chini, diski zipoe. Usizimwagie maji ili zipoe haraka, zinapinda. Na usizishike kwa mkono. Utadhani huwezi kufanya hivyo, lakini nimeona mtu mzima amefanya.

Vitu vidogo vya kubeba: tyubu mbili, viraka na solusheni, spana za alenki, kifaa cha kutoa pini za cheni na kiungo kimoja cha akiba, mikanda ya tyubu chakavu, na kile kipande cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma. Hicho cha mwisho kila fremu ina umbo lake. Baiskeli ikiangukia upande wa kulia kinapinda au kinakatika, na Makete nzima hutapata cha kufanana. Kifungue sasa, uende nacho dukani kama sampuli, au agiza ukiwa bado nyumbani.

Pima kila kitu kwenye mizani ya duka la nafaka. Bila maji na chakula, kilo 12 zinatosha kabisa, na kwa kuwa mko wawili mnagawana hema na jiko, mnaweza kushuka hadi 10. Usipunguze nguo za usiku. Uwanda wa Kitulo uko kama mita 2,600, na Juni ni kipupwe, asubuhi unaweza kukuta umande umeganda juu ya hema. Maua yale ya picha hutayaona, msimu wake ni wa mvua, lakini barabara itakuwa kavu, na mimi kati ya maua na barabara kavu nachagua barabara. Mkitaka kulala ndani ya hifadhi, piteni ofisini kwao kwanza.

Halafu wiki mbili kabla, fungeni mzigo wote kama wa safari, nendeni Kalenga na kurudi kwa njia ya vumbi. Mkifika nyumbani, kabla ya kunywa maji, tikisa.

SWALI: Fundi, mimi niko Tukuyu. Mabegi yangu yameandikwa hayapitishi maji, lakini kila nikirudi nguo zimelowa. Na matope yanajaa kwenye tairi la nyuma mpaka halizunguki. Tatizo ni nini?
— Kijana wa Rungwe

JIBU: Tatizo ni Tukuyu, kijana wangu. Mvua ya hapo haisomi maandishi ya begi. Maji yanapenya kwenye mishono, kwa hiyo usishindane na begi, linda kilichomo. Zamani tulitumia mifuko ya rambo, nayo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Sasa omba kwa mkulima ule mfuko wa nailoni wa ndani ya gunia la mbolea. Ni mgumu na mpana. Uoshe mara tatu, ukauke, uoshe tena, kwa sababu chembe za mbolea zikibaki zinavuta unyevu na zinaila alumini. Tia nguo, toa hewa kwa kuukalia, sokota mdomo, kunja, funga kwa mkanda wa tyubu.

Matope: angalia nafasi kati ya tairi na fremu, pale nyuma ya krenki. Nina hakika umeweka tairi nene kabisa linaloingia. Shuka saizi moja, ukitoka 2.4 nenda 2.2, upate nafasi ya kidole kila upande. Na beba kijiti. Sifanyi mzaha, kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, kichomeke kwenye mkanda wa begi la fremu. Ukitumia bisibisi utatoboa tairi.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mstaafu, nipo Makambako. Nina Phoenix yangu ya siku nyingi. Mjukuu wangu ana baiskeli ya shokapu na ananiambia yangu haifai kwa safari ya mizigo. Nataka twende naye Njombe na kulala siku mbili. Nisiende?
— Babu, Makambako

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nenda. Phoenix ni chuma, keria yake ni chuma, na imeshabeba magunia kabla ya huyo mjukuu kuzaliwa. Kwa mzigo pekee yako inaishinda yake.

Inaposhindwa ni mahali pawili. Breki za fito zinabana rimu kwa mpira, na rimu ya chuma ikilowa mpira unateleza tu, kwa hiyo weka mipira mipya, na mvua ikinyesha mteremkoni shuka usukume. Pili, gia ni moja. Mwambie fundi akubadilishie friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, aweke yenye meno mengi zaidi, 22 ikipatikana. Tambarare utakuwa mzito wa mwendo, lakini kwenye vilima utabaki juu ya siti. Kati ya Makambako na Njombe ni kama kilomita 60 na malori ni mengi, fungeni kioo cha pembeni na kitambaa cha rangi kali nyuma ya mzigo.

Mzigo wa kulalia ubebe wewe, mzee. Keria yako ndiyo ya kweli. Mjukuu abebe maji na spana kwenye fremu yake, na wakati wa kurudi mwachie nafasi kidogo kwenye usukani, kwa sababu Njombe hamtaondoka bila viazi. Ila kabla hajavifunga, apime nafasi juu ya tairi.